Mahindi ya Kumpa Mgeni

Watu wa Taasisi walinipa kazi moja tu, nikaiharibu kwa mikono yangu miwili, tena kwa adabu zote. Naanza na hilo ili anayesoma asije akanionea huruma kabla hajajua.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, huku Maore, bondeni chini ya milima ya Gonja. Cheti changu ni cha semina. Nina mkoba, daftari, mzani wa kupimia watoto, na mdomo. Mdomo ndio kitendea kazi chenyewe. Naingia nyumba za watu bila kusubiri hodi ya pili, nachungulia vyoo, nawauliza wanawake waliojifungua maswali ambayo waume zao hawathubutu kuuliza. Wazee hunitania kwamba siku nikifa nitaanza kwa kukagua kaburi kama limechimbwa kwa vipimo. Mikutanoni nilikuwa na msemo wangu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliusema mpaka watoto wa shule wakawa wananimalizia, mimi nikianza tu "mficha," wao wanadakia, na mwenyekiti anacheka.

Mwaka ule mvua ilikataa kukatika. Mahindi yalikauka shambani, yakaloa tena, yakakauka nusu. Tuliyavuna na unyevu wake kwa kuogopa kuyapoteza yote, tukayajaza kwenye viroba na kuviegemeza ukutani, juu ya sakafu ya udongo. Ukipukuchua ulikuta vumbi la kijani katikati ya punje. Hakuna aliyeshtuka. Unapuliza, unaendelea. Mahindi mabaya yamekuwepo tangu bibi zetu, na kila mwanamke anajua la kufanya: unapepeta, unachagua, mazuri huku, mabaya kule. Ukiwa na chakula cha kutosha, yale mabaya unawapa kuku. Usipokuwa nacho, unasaga.

Kisha watu wakaanza kuugua. Wa kwanza alikuwa mzee aliyeishi upande wa juu wa mfereji wa maji. Alitapika siku nne, tumbo likajaa, macho yakawa ya njano kama kiini cha yai, akafa. Baada yake mwanamke mmoja jirani yake, dalili zile zile. Walisema ini, walisema amekanyaga dawa ya mtu, walisema mengi. Upande wa nyika, kwa wafugaji, mbwa wakaanza kufa. Watu wakacheka: sasa na mbwa nao wamerogwa, wana mashamba ya kugombania? Mimi niliandika habari za mbwa kwenye daftari. Hiyo ni sifa yangu moja katika kisa hiki chote, nami naishikilia.

Wa tatu akawa mtoto wa nyumbani kwetu.

Alikuwa binti wa mdogo wangu, wa miaka mitano. Mdogo wangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa barabara, mbali, na mama wa mtoto alikwishaolewa kwingine, kwa hiyo mtoto alilelewa na mama yangu, ng'ambo tu ya shamba langu. Mimi aliniita shangazi kwa sauti ya kuamuru. Alipenda ukoko wa ugali kuliko ugali wenyewe, akakaa kando ya sufuria mpaka wote tumalize, ndipo alipokwangua. Alikuwa na desturi ya kumnawisha bibi yake mikono kabla ya kula, akimwaga maji mengi mno, na akikemewa anasema bibi ana mikono mikubwa. Siku alipokataa ukoko, nilijua. Kesho yake asubuhi nilimfunua jicho, nikaona njano.

Tulimpandisha hospitali kule juu kwa pikipiki, yeye katikati yangu na dereva, kichwa chake kikigonga mgongo wa dereva kila kona. Daktari alimshika tumbo, akaniuliza wengine walioanza hivi ni wangapi, nikatoa daftari. Alisoma, akasoma mpaka kwenye mbwa. Akapiga simu Same, wilayani. Wilaya wakapiga Taasisi.

Kabla ya hapo Taasisi ya afya ya jamii ya kanda nilikuwa naiona kwenye vichwa vya barua tu. Sikujua wanafanya nini hasa. Nilidhani ni watu wa kukaa ofisini na kudai taarifa za mwezi. Walikuja wawili, mwanamume wa rika langu na binti wa maabara, gari limejaa matope mpaka madirishani. Tulipomwita daktari, yule mwanamume alikataa.

"Mimi si wa kutibu, mama," aliniambia. "Hospitali inamtibu aliyeugua. Sisi tunatafuta kilichomuuguza, ili wa pili asiugue."

Mama yangu aliwapokea mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, siku ya kazi. Walipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, akawashika mikono kwa mikono yake miwili akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Alimaanisha kila neno. Mjukuu wake alikuwa amelala hospitalini hajui hata kumwita jina.

Yule bwana alikuwa na subira ambayo mimi sina. Aliuliza kila nyumba: walikula nini, lini, kutoka kiroba gani, nani alikula na nani hakula. Nilipomweleza habari za mbwa aliacha kuandika. Mbwa wa wafugaji hula ugali uliobaki. Akasimama pale uani kwa mama, akatazama viroba kupitia mlangoni, akatueleza kuhusu sumukuvu. Alisema ni sumu inayotengenezwa na ukungu wa kwenye nafaka, haifi kwa moto, hata ukipika makande tangu alfajiri mpaka jioni, na inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Alisema hana uhakika bado. Uhakika uko maabara. Lakini kuanzia siku ile mpaka majibu yarudi, mtu yeyote asile mahindi ya nyumbani.

Mwenyekiti alipita na kipaza sauti kutangaza. Watu walinung'unika, lakini walitii. Tulikula ndizi za kutoka mlimani, mihogo, wali kidogo kwa wenye mpunga, na wilaya ilileta unga kwa nyumba zenye wagonjwa. Na kule hospitali, akinyweshwa uji wa hospitali, mtoto wetu akaanza kurudi. Siku ya tatu alikaa. Siku ya tano alimlalamikia muuguzi kwamba uji wao hauna ukoko.

Ile kazi niliyoitaja mwanzo ilikuja siku ya kuchukua sampuli. Walianza wenyewe na damu za wagonjwa, kisha wakaingia nyumba ya kwanza kuchukua nafaka, na hapo wingu likafunga mlimani. Korongo likijaa, gari halivuki, na damu ile ilikuwa kwenye barafu, haingoji. Ilibidi waondoke. Yule bwana aliniachia mifuko ya karatasi yenye namba na orodha ya nyumba, ya mama yangu ikiwemo. Kesho yake dereva angeifuata.

"Nisikilize vizuri, mama," alisema, mlango wa gari ukiwa wazi. "Usichague. Ingiza mkono juu ya kiroba, katikati na chini, kila mahali kidogo. Sitaki mahindi mazuri. Nataka kile wanachokula."

"Nimeelewa," nikasema.

Nikamrudishia maneno yake yote, kama tulivyofundishwa semina kwamba ukipewa maelekezo uyarudie. Juu, katikati, chini. Usichague. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, wakaondoka.

Nyumba ya kwanza kwenye orodha nilikuta mkeka umetandikwa uani. Mama wa pale alikwishasikia kwamba mahindi yanakwenda mjini kupimwa, akatoa debe zima, akapepeta, akachagua punje moja moja, akaosha na kuanika. Yaling'aa. "Nimekuandalia," akasema, na uso wake ulikuwa na fahari, ule wa mtu aliyemtandikia mgeni shuka jipya.

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Mimi, mwenye mdomo. Lakini ngoja niseme ukweli wa nilichohisi: nilihisi raha. Nilijisikia kwetu tuna watu wa heshima. Huku kwetu kitu kinachotoka nje ya nyumba kinabeba jina la nyumba. Mahindi ya kupeleka kanisani siku ya mavuno yanachaguliwa. Mahindi ya kupeleka ukweni yanachaguliwa. Nilijua kushika ungo kabla sijajua kushika kalamu, na fimbo ya kwanza niliyochapwa na mama yangu ilikuwa ya kumpa mgeni kikombe chenye ufa. Tangu lini mtu akaja kutoka mjini, na gari, akaomba kitu nyumbani kwako, ukampa kilichooza?

Nikapokea. Nikajaza mfuko namba moja.

Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu nao walikuwa wanamalizia. Kufika ya nne hawakuwa wamejiandaa, na mimi ndiye niliyewaambia wachague kidogo, wasije wakaonekana wao ndio wachafu kuliko wote. Niliwasaidia hata kuokota.

Iko nyumba moja ya wafugaji kwenye ile orodha, ukingoni mwa nyika, ambako mbwa watatu walikuwa wamekufa. Mama wa pale hakujua Kiswahili kingi. Aliingia ndani akatoka na bakuli la mahindi ya kijani na meusi, yameshikana, yananuka. Akaninyooshea.

"Mama, haya huwezi kumpa mtu," nikamwambia.

"Hii tunakula," akasema.

"Najua mnakula. Tafuta mengine."

Akanitazama. Nadhani alidhani hajanielewa. Akarudi ndani, akakaa muda, akatoka na konzi mbili za mahindi meupe aliyoyaokota punje moja moja, na jasho lilikuwa likimtoka kipajini. Alikuwa mtu wa kwanza siku ile kufanya sawasawa alivyoombwa, na mimi nilimrekebisha.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yangu. Alipoona mfuko, hakuuliza. Alichukua bakuli, akafungua kiroba cha chakula chao, yeye na mtoto, akachota mpaka chini kabisa, akaja nalo. Yalikuwa mabaya. Yalikuwa mabaya kiasi kwamba niliona aibu ikinipanda shingoni. Mimi ndiye ninayepita nyumba za watu kuwaambia wahifadhi nafaka juu ya chaga, na kiroba cha mama yangu mzazi kiko chini, kimenyonya maji.

"Mama, hayo? Watasema nini kule maabara? Kwamba huyu mhudumu wa afya kwao wanakula nini?"

"Si ndiyo tuliyo nayo," akasema.

"Lete ungo."

Akaleta. Nilikaa kwenye kigoda nikachagua, bakuli baada ya bakuli, mpaka jua likageuka. Mikono yangu ni myepesi kwa kazi hiyo, tangu nikiwa msichana nilisifiwa. Kila punje yenye doa, yenye ufa, yenye rangi, niliitupa kwenye ndoo ya plastiki iliyokuwa pembeni. Mama alikaa mlangoni akinitazama, akanieleza mtoto alivyoomba ukoko. Nikajaza mfuko kwa mahindi ambayo hata mimi niliyaonea fahari. Ile ndoo mama aliifunika, akaisukuma chini ya kitanda.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya siku kadhaa. Sauti ya yule bwana ilikuwa ya mtu asiyeridhika na habari njema.

"Mama, nafaka zenu ziko salama. Mifuko yote uliyotuletea. Ile nyumba moja niliyochukua mwenyewe ina kidogo, si ya kuua mtu." Kisha akauliza, "Mlichukua kama nilivyosema?"

"Ndiyo," nikasema.

Nimeligeuza neno hilo miaka hii yote. Sikulisema kwa nia ya kudanganya. Niliamini mahindi ni mahindi. Niliona kama kiroba kina sumu basi kina sumu chote, kama chumvi kwenye mchuzi, huwezi kusema imeingia kwenye kiazi hiki ikaruka kile. Nilichotoa mimi ni uchafu, nilijiambia, sumu kama ipo itaonekana tu. Hakuna aliyenieleza kwamba sumu ile hukaa punje kwa punje, na kwamba jicho la mwanamke aliyelelewa na ungo linaweza kuiondoa karibu yote. Lakini pia hakuna aliyepaswa kunieleza. Niliambiwa usichague.

Akasema basi wataendelea kutafuta, watapima maji, watapima dawa za shambani. Alisema tuwe waangalifu. Sisi hatukusikiliza tena. Mwenyekiti alitangaza kwamba mahindi ni mazima, na kijiji kikapumua. Wapo waliopiga vigelegele. Watu walikuwa wameogopa kwamba wataambiwa wachome chakula cha mwaka mzima. Unga ulioletwa na wilaya ulikuwa umekwisha, na ndizi za kuomba mlimani zina mwisho. Jioni ile kila nyumba ilipika ugali, moshi ulisimama kijiji kizima.

Mtoto aliruhusiwa wiki hiyo hiyo. Alishuka na pikipiki, mwembamba, macho meupe, anaongea njia nzima. Alimwambia bibi yake kwamba hospitalini watu wote wana mikono midogo.

Siku mbili baadaye nilikutana na mama njiani, anakwenda mashineni kusaga, ndoo ya plastiki kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika. Nikamuuliza anawahi wapi.

"Nayawahi haya," akasema, "yasije yakazidi kuharibika. Mazuri yatakaa."

Ndivyo tunavyofanya. Unaanza na kinachokaribia kuoza, kizuri unakiweka, kwa sababu hujui masika mengine yataleta nini. Mimi nisingefanya tofauti. Nilimwambia ni sawa, nikampisha, nikaendelea na safari yangu ya kwenda kupima watoto.

Wiki ya pili mtoto akatapika. Nilipoitwa nilikuta amelala mkekani, tumbo limesimama, na sikuhitaji kufunua jicho, njano ilikuwa mpaka kwenye viganja. Mama alikuwa anampepea na kipande cha boksi. Nilipiga simu Taasisi kabla sijaita pikipiki, sijui kwa nini. Labda kwa sababu yule bwana ndiye mtu pekee niliyejua angeuliza swali sahihi, na nililiogopa nikalitaka.

"Amekula nini tangu arudi?" akauliza.

"Unga wa nyumbani."

"Wa kiroba kile kile?"

Nikatazama jikoni. Kando ya mafiga kulikuwa na ile ndoo, sasa imejaa unga. Unga wenyewe ulikuwa na rangi ya majivu. Nikakaa chini, simu sikioni.

"Yalichaguliwa," nikasema. "Yale tuliyokupa yalichaguliwa. Nyumba zote."

Hakufoka. Ningependa angefoka. Aliuliza polepole, "Na yaliyotolewa, yalikwenda wapi?"

Nikamwambia.

"Zuieni kila mtu sasa hivi," akasema. "Sasa hivi, mama. Mimi nakuja."

Nilikimbia kwa mwenyekiti, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu waliniambia juzi mlisema mazima, leo mabovu, mnatuchezea? Mmoja alinifungia mlango. Nikaupiga kwa ngumi, nikamwaga sufuria ya mtu ikiwa motoni. Nadhani walinitii kwa kuniogopa. Kisha nikapanda pikipiki na mtoto, kona zile zile, safari hii kichwa chake hakikugonga, nilikuwa nimekishika. Aliniuliza mara moja tu kama tunaenda kule kwenye uji. Nikamwambia ndiyo.

Alifariki kesho yake, mchana, watu wakila. Bibi yake alikuwa ametoka kumfulia kanga.

Watu wa Taasisi walifika siku ile ile, wakachukua nafaka kwa mikono yao, nyumba baada ya nyumba, na lile bakuli la mama mfugaji, ambaye alinitazama tena vilevile. Safari hii majibu hayakuchelewa. Viroba vilikusanywa na kufukiwa, chakula kingine kikaletwa, turubai za kuanikia zikagawiwa. Walikaa nasi wiki nzima. Wagonjwa waliokuwa wameanza walipona wengi wao. Naweza kusema Taasisi ilikiokoa kijiji, na ni kweli, nimeona kwa macho. Walikuwa tayari kukiokoa tangu mwanzo. Walihitaji konzi moja ya mahindi mabovu.

Mdogo wangu alifika kwa mazishi na vumbi la barabara kwenye nywele. Hakulia mbele za watu. Siku ya tatu baada ya kuzika, yule bwana alikuja na fomu. Ilibidi aandike mfululizo wote, mtoto alikula nini, nani alitayarisha, ili wilaya nyingine wajue kosa lilikoingilia. Aliomba radhi kwa kuuliza. Alisema kosa la kwanza ni lake kwa kuondoka. Tulikaa uani: yeye, mama, mdogo wangu kwenye ukingo wa baraza, na mimi. Tangu msiba, Kiswahili kilikuwa kimemtoka mama, akawa anasema Chasu tu, lugha yetu ya nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri.

"Muulize mama," alisema yule bwana, "nani alichagua yale mahindi ya sampuli?"

Nilimuuliza. Nilijua jibu na nilikuwa nimejiandaa kulisema mwenyewe. Nilikuwa nimelala nalo siku tatu. Mdogo wangu alikuwa ananitazama mimi, si mama.

Mama hakunitazama. Alimtazama mwanawe wa kiume, akasema kwa Chasu, taratibu, kwamba alichagua yeye. Kwamba mimi nilipofika nilikuta ameshajaza bakuli. Kwamba niliuliza kama yamechaguliwa, naye akanificha. Na kwamba yaliyobaki aliyasaga kwa akili yake mwenyewe, hakumwambia mtu.

Mdogo wangu anajua Chasu kama mimi. Aliinamisha kichwa. Yule bwana alishika kalamu, akanisubiri.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza, na yeye akaandika.

Mama bado yuko hai. Anakaa nyumba ile ile peke yake. Mdogo wangu amerudi kijijini, analima mpunga, na tangu siku ile hajamwamkia mama yake. Anapita nje ya uzio bila shikamoo, na mama, akisikia nyayo zake, huitika marahaba ndani kwa ndani, nimemsikia. Nimekwenda kwa mama mara nyingi nikiwa na maneno ya kukiri mdomoni. Mara ya mwisho nilianza. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja, akaniambia una watoto wa kijiji kizima wa kuangalia, mimi nimebakiza miaka mingapi.

Mimi mdogo wangu ananiheshimu kupita kiasi. Huwaambia watu kwamba dada yake ndiye aliyempigania mtoto wake mpaka mwisho, kwamba bila dada kijiji kingekwisha. Mwezi uliopita, baada ya mavuno, alinitumia debe la mpunga. Ulikuwa umepepetwa, hauna hata jiwe. Niliupokea, nikamwambia ahsante.